Bendera Isiyo na Uso

Nyumbani, 2 Machi

Mwanangu kipenzi, binti yangu kitinda mimba,

Tumsifu Yesu Kristo. Hujambo huko? Sisi hatujambo, ila Shangazi yako jino lilimsumbua wiki nzima, na unamjua wifi yangu, jino likimuuma yeye lazima nyumba nzima iumwe. Juzi kaling'oa. Sasa anaongea upande mmoja wa mdomo lakini maneno ni yale yale. Bati la jikoni tumelibadilisha, mvua haituchagulii tena pa kukaa. Na wewe unakula? Usinijibu kwamba unakula, nijibu unakula nini.

Nina jambo, mwanangu, na usicheke. Panya wameingia sakristia kule kanisani wakala bendera yetu ya akina mama, wakaanzia miguuni pa Bikira Maria bila aibu. Kwenye kikao Mwenyekiti wetu akauliza nani atashona mpya. Unamkumbuka Mwenyekiti, tunayemwita Mama Kipaza kwa sababu kipaza sauti hakihitaji. Kila mtu akaanza kutafuta kitu mkobani mwake. Mara naona mkono umeinuka, kumbe ni wangu. Mimi! Fundi wa sare za shule na zipu zilizogoma! Nimewahi kudarizi nini zaidi ya majina kwenye mifuko?

Nikaenda kwa Paroko. Akanipa kitabu cha mambo ya kiroho, jalada lilishang'oka, hata aliyekiandika hajulikani. Akasema, "Kabla hujashona, soma." Nikamwambia, "Baba, mimi niliishia darasa la tatu." Akasema, "Basi soma polepole." Kwa hiyo nasoma ukurasa mmoja kila asubuhi, naweka rula chini ya mstari, nasoma kwa sauti. Shangazi yako anasikiliza huku akichambua mchele na kubishana. Jana kitabu kilisema tuwavumilie wote tunaoishi nao. Akasema, "Huyo mwandishi hajakaa na mawifi."

Sasa ninachokuomba. Nichoree Bikira Maria na Mtoto Yesu, kwa ukubwa wa bendera, kwenye karatasi nyepesi, nami nitafuata mistari yako. Mimi nikichora kuku anafanana na pasi. Bendera itabarikiwa siku ya Kupalizwa Bikira Maria mbinguni, tarehe 15 Agosti. Tangu utotoni ulikuwa unajaza daftari zako nyuso za watu. Fanya hivyo tena kwa ajili ya mama yako.

Mungu akulinde, na ufunge dirisha ukitoka.

Mama yako

*

Karakana, 14 Aprili

Shikamoo Mama,

Pole kwa kunisubiri. Barua yako niliipata mapema, kazi zilibana. Nipo salama. Nakula wali, maharage, ndizi, na Jumapili yai. Mpe Shangazi pole ya jino.

Hapa karakana tuna mabango mengi. Wiki hii nimeandika la duka la dawa, la fundi baiskeli, na la shule ya chekechea. Mimi naandika herufi tu. Likija bango la kinyozi lenye vichwa, anachora mwenzangu.

Mchoro nimeutuma pamoja na barua hii, umeviringishwa ndani ya bomba la plastiki, lifungue taratibu. Mtoto yuko mkono wa kushoto wa mama yake, amenyanyua mkono wa kulia kutubariki, vidole viwili juu. Joho nimelijaza mikunjo, utanichukia.

Uso sikuuchora. Zipo picha nyingi za Bikira Maria, hata kwenye kalenda ya ukutani, nakili kutoka humo. Utafaa tu.

Ni mimi mwanao

*

Nyumbani, 25 Aprili

Mwanangu,

Tumsifu Yesu Kristo. Salamu hii naiandika tena kwa sababu ile ya kwanza hukuiitikia "Milele amina". Labda uliisahau, kazi zikiwa nyingi mtu husahau.

Mchoro umefika. Tuliufungua mezani, Shangazi yako kashika upande huu na mimi ule, tukanyamaza, na wewe unajua nyumba hii kunyamaza ni nadra. Ile mikono! Yule Mtoto alivyonenepa! Shangazi akasema, "Huyu amenyonyeshwa vizuri." Halafu tukafika juu, pale pana duara tupu ndani ya mtandio. Shangazi akafungua mdomo, nikamkanyaga mguu.

Sikuulizi. Mimi nasema tu kwamba uso wa kalenda siutaki. Yule wa kalenda anatazama kando kama anayemsubiri mtu wa umeme. Nitashona vyote nipaache wazi pale. Mimi ni mtu wa kusubiri, nilikusubiri wewe wiki mbili zaidi ya tarehe ya mkunga.

Kazi ninaifanya asubuhi, dirishani, baada ya kusoma. Uzi wa dhahabu ni mnene, haupiti kwenye tundu la sindano, kwa hiyo nauzungushia kwenye kigurudumu cha chini ya cherehani, na kitambaa kinashonwa kikiwa kimelala kifudifudi ili dhahabu itokee mbele. Upande wa mbele nimeushikiza shuka kuukuu kwenye pindo, naisogeza pale tu sindano inapopita, maana satini nyeupe inadaka hata kivuli cha mkono mchafu. Nakanyaga pedali polepole sana. Nimegundua Salamu Maria moja inatosha mkunjo mmoja wa joho. Nikimaliza sala kabla ya mkunjo, najua nimesali mbiombio, narudia. Ukurasa wa leo ulisema mikono nayo ina sala yake. Nilisoma mstari huo mara nne, si kwa sababu haukusomeka.

Jaketi lako la kijivu unalivaa? Asubuhi za huko nasikia zina baridi.

Mama yako

*

Karakana, 3 Juni

Shikamoo Mama,

Usiusubiri uso. Nimeandika barua hii mara tatu na kuichana, na hii ya nne naituma kabla sijaisoma.

Baba alipolazwa, wewe ulibaki nyumbani na wateja, mimi ndiye niliyelala naye wodini. Unakumbuka tulikubaliana tusali novena, siku tisa, wewe huko, mimi huku. Mimi nilisali ya kwangu kwa penseli. Kila siku nilichora uso wake. Nikamwambia Mungu: kila siku nitamchora, na wewe kila siku mpe nafuu kidogo. Na kweli, siku ya tano aliketi. Siku ya saba alinitania kwamba pua yake nimeitia chumvi. Siku ya tisa nilikuwa namalizia jicho la kushoto, muuguzi akaja akanishika bega.

Michoro tisa ninayo chini ya godoro. Tangu hapo sichori uso wa mtu, na sisali. Kanisani siendi. Miaka miwili sasa. Nilikuwa nakuandikia "nashukuru Mungu" kwa mazoea tu, halafu hata hiyo nikaiacha kwa sababu niliona ninakudanganya.

Sasa unajua. Usimwambie Paroko aniombee mbele ya watu. Shangazi usimwambie kabisa, atakuja huku na basi la kwanza.

Nakupenda. Jaketi ninalivaa.

Mwanao

*

Nyumbani, 1 Julai

Mwanangu,

Umeona nimechelewa. Si posta, ni mimi. Karibu wiki tatu barua yako imekaa ndani ya kitabu, naifungua, naifunga. Nilikuwa natafuta maneno ya mtu aliyesoma. Sikuyapata, chukua haya.

Kwanza, novena yako nimeielewa. Ningekuwa na penseli yako ningefanya hivyo hivyo.

Pili, na mimi nikutolee langu, ambalo hata Shangazi yako tunayelala chumba kimoja halijui. Tulipomzika baba yako, jumuiya walinipa niongoze rozari, eti huyu mama ana imani, tazama alivyosimama imara. Imani gani! Nilikuwa nimemnunia Mungu. Umewahi kuona mke na mume walionuniana, chakula anapakua, neno hatoi? Ndivyo nilivyokaa naye. Midomo ilisema Salamu Maria, kichwani nahesabu vifungo vya sare: mashati kumi, vifungo saba saba. Watu wanaitikia, mimi nimefika shati la sita. Nilikwenda hivyo mpaka mwaka huu. Mkono ulipoinuka pale kikaoni nilikuwa nimenuna bado. Nadhani niliunyanyua nipate kisingizio cha kukaa na cherehani badala ya kukaa na rozari.

Hata kitabu nilikisoma nimenuna, nikanuna mwezi wote wa Machi na nusu ya Aprili. Halafu siku moja asubuhi sindano ikanipitia kidole, hapa kwenye ukucha, damu ikataka kudondokea satini. Nikapiga kelele, "Unaona sasa! Hata hapa huwezi kuniangalizia?" Shangazi yako akasema kutoka jikoni, "Mimi nimefanya nini?" Nikamwambia, "Si wewe!"

Nikaondoa mguu kwenye pedali. Maana nilikuwa nimemsemesha. Neno la kwanza kwa karibu miaka miwili, na lilikuwa la ugomvi, lakini nilimwambia Yeye, sikuuambia ukuta. Nikacheka na kidole mdomoni. Wiki ile ndiyo niliyokuandikia habari za mikunjo. Ulidhani mama yako ni mtakatifu siku zote, kumbe nilikuwa na siku nne!

Kesho yake kitabu kikasema kumlalamikia Mungu nako ni kusali, mradi umgeukie Yeye. Nikataka kumbusu huyo mwandishi asiye na jina.

Sikuombi urudi kanisani. Sikuombi uso. Nimekuambia langu kwa sababu uliniambia lako, basi.

Umeshiba leo?

Mama yako

*

Nyumbani, 9 Julai

Mwanangu wee, nimekwisha!

Tumsifu Yesu Kristo, hatujambo, Shangazi mzima, mimi si mzima.

Jana nimemaliza mkunjo wa mwisho. Nikafumua ile shuka ya mbele, nikaigeuza bendera juu ili tuione nzima kwa mara ya kwanza. Ikang'aa! Shangazi akapiga kigelegele. Kigelegele kikakatika katikati. Akauliza, "Wifi, mbona Mtoto amehama?"

Mtoto amehama kweli. Yuko mkono wa kulia. Na anatubariki kwa mkono wa kushoto! Mchoro wako niliutoboa kwa sindano, nikapiga unga wa mkaa kwenye vitundu, mistari ikatoka upande wa nyuma ninaoshonea. Sasa nyuma ikiwa kulia, mbele ni wapi? Miaka thelathini nageuza nguo za watu nje ndani, mfuko wa kushoto naukata kwa kuangalia kulia nimefumba macho, leo nimemgeuza Mwana wa Mungu!

Mama Kipaza akaja bila hodi, akasema mpaka mtaa wa pili wakasikia, "Huyu anatubariki au anatufukuza?" Kufumua siwezi. Satini haisamehe, sindano ikipita tundu linabaki, itakuwa kama chujio. Satini nyingine hakuna, kile kilikuwa kipande cha mwisho dukani. Paroko yuko kwenye mafungo ya kiroho mpaka mwisho wa mwezi. Shangazi yako ananishauri tuseme zamani ndivyo walivyobariki. Nimemwambia aongeze na dhambi ya uongo juu.

Akina mama walinikabidhi Bikira Maria, na mimi nimeharibu, na uso hata haupo. Chakula hakipiti. Wewe umesomea michoro, nifanye nini? Jibu upesi.

Mama yako aliyeaibika

*

Karakana, 16 Julai

Milele amina, Mama, milele amina!

Barua yako imefika leo asubuhi na ninakujibu leo leo. Nimecheka. Nimecheka mpaka nikashuka kwenye ngazi, nikaketi juu ya ndoo ya rangi, bosi akaja akadhani nalia. Nikamsomea pale pa "anatubariki au anatufukuza", akaketi kwenye ndoo nyingine. Pole Mama, najua wewe hucheki. Lakini tangu Baba afariki sijacheka hivi.

Usifumue hata uzi mmoja. Nimeutandika mchoro wangu wa akiba dirishani, nikautazama kutoka nyuma kama ulivyo kwako sasa. Ule mkono uko karibu na shavu la mama yake. Umebakiza upana wa kiganja tu kulifikia. Kwa hiyo uongeze uzi juu ya uliopo: vidole vilivyosimama vilaze kidogo, vilivyokunjwa vifungue, kiganja kifike shavuni. Mtoto hatubariki tena, anamshika mama yake uso. Mtoto akimshika mama yake, nani anauliza kwa mkono upi?

Nikachora kiganja. Kazi ya dakika kumi. Kisha nikakwama, Mama, kwa sababu kiganja hakiwezi kushika hewa. Nilizunguka ile karatasi kama kuku anayetafuta pa kutagia. Nilichonga penseli mbili ambazo zilikuwa zimechongwa. Mwenzangu akaniuliza kama naumwa. Mwishowe nikasema kwa sauti, "Haya, basi nisaidie," vile vile ninavyomwambia mwenzangu anishikie ngazi. Sikupiga magoti wala ishara ya msalaba. Nilimaliza kusema ndipo nikajua nimemwambia nani.

Uso umo ndani ya bomba. Si wa Baba, usiogope, na si wako, usijivune. Nilitaka awe mtulivu kama wa makanisani. Lakini nilipoweka kile kiganja kinene pale, shavu likapanda lenyewe, na shavu likipanda jicho linafuata. Amecheka. Nilijaribu kumnyamazisha mara mbili, akakataa. Muulize Paroko kama inaruhusiwa.

Nimeuchora kinyumenyume makusudi. Wewe uweke nyuma kama ulivyozoea, utatoka sawa mbele. Usijifanye umejifunza ukaugeuza!

Sisemi nimepona. Nasema nilichora uso.

Mwanao

*

Nyumbani, 17 Agosti

Mwanangu, kitinda mimba wangu,

Tumsifu Yesu Kristo. Shangazi yako anakusalimu, amevunja sahani mbili wiki hii kwa furaha, mimi nimenyamaza. Kaa vizuri nikusimulie.

Uso niliushona siku kumi na tatu. Mikunjo ilikuwa Salamu Maria moja moja, uso nilishindwa kuupimia sala. Nilikuwa nakaa tu nao. Kitabu kilishasema sehemu fulani kwamba ipo sala ya kutazama, nikaipita mbio nikidhani ni ya masista. Kumbe hata fundi wa zipu anaiweza, akitulia.

Paroko akarudi, tukamwonyesha tukiwa watatu: mimi, Shangazi, na Mama Kipaza ambaye hakualikwa. Mama Kipaza akaanza, "Baba, mimi nasema ukweli. Bikira Maria anachekaje hadharani?" Paroko akainama, akatazama kile kiganja muda mrefu. Akasema, "Mama, wewe una watoto wangapi?" "Sita." "Wa kwanza alipokushika shavu mara ya kwanza, ulifanyaje?" Mama Kipaza akafungua mdomo. Mwanangu, hakikutoka kitu. Jambo la kuandikwa! Baadaye akasema kwa sauti ndogo ambayo sikujua anayo, "Alikuwa na mikono baridi, yule." Na akacheka, akajipangusa macho. Siku ya kubariki ndiye aliyeshika mti wa mbele, na kila aliyekaribia alimwambia, "Usiguse."

Tukazunguka kanisa, upepo ukaijaza bendera, uzi wa dhahabu ukawaka. Watoto wa komunyo ya kwanza walikuwa wananong'ona, "Anacheka, anacheka," na wao wanacheka. Bibi mmoja kipofu aliuliza watu wanachekea nini, nikaushika mkono wake nikaupitisha juu ya darizi: mkunjo, mkunjo, kidole, shavu. Akasema, "Aaa." Hiyo tu.

Waliniuliza nani alichora. Nikasema ni kitinda mimba wangu, anaandika mabango. Sikuongeza neno, ingawa ulimi uliniwasha. Nilipopita chini ya bendera nilikuombea jambo moja. Silitaji, wala usinijibu.

Kitabu nimekimaliza. Nilimrudishia Paroko nikidhani nimepumzika, akanipa kingine, kinene kama tofali. Nikamwambia, "Baba, darasa la tatu." Akasema, "Sasa tuseme la nne."

Unakula?

Mama yako

*

Chumbani kwangu, 24 Agosti, Jumapili

Mama,

Nakuandikia viatu vikiwa bado mguuni, nisije nikajishauri nikaacha.

Asubuhi nimefua, nimepiga pasi gauni la bluu, nimelivaa, nimelivua, nimelivaa. Kengele ya pili ilikuwa imeshalia nilipofika mlangoni pa kanisa. Somo la kwanza limeanza, mabenchi yamejaa, nikasimama nyuma karibu na nguzo nikiwa tayari kuondoka. Mama mmoja mzee wa benchi la mwisho akageuka. Kavaa miwani iliyofungwa kwa uzi, sura ya mtu asiye na mchezo.

Akaninong'oneza, "Wewe mgeni?"

Nikasema, "Hapana, Mama. Naishi nyumba ya tatu kutoka hapa."

"Tangu lini?"

"Miaka miwili."

Akanitazama juu ya miwani, kutoka kichwani mpaka viatuni. Nikajua sasa nafukuzwa.

Akasema, "Basi umechelewa sana, usiendelee kusimama." Akausukuma mkoba wake kwa kiuno, akamsukuma na mumewe, akanipa nafasi.